Dalali wa mizigo hakuzaliwa jana

Neno dalali lilitufikia pamoja na biashara ya pwani, na asili yake ni Kiarabu. Huko lilikotoka maana yake ni mtu anayeonyesha njia, anayemchukua mwenye haja akamfikisha kwa mwenye kitu. Ni jina la heshima kabisa. Lakini hapa mjini leo ukimwita mtu dalali mbele ya wakwe zake, umemtukana. Tumelifanya kuwa jina la anayepandisha kodi ya chumba, anayeuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, na anayevuna asipopanda.

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tumtazame dalali wa aina moja tu, dalali wa mizigo. Huyu hana lori wala hana ghala. Kazi yake ni kujua nani ana mzigo na nani ana gari, kisha kuwakutanisha, bei ikakubaliwa, mzigo ukafika, naye akapata chake. Vijana wengi wa Nachingwea na Ruangwa, pamoja na ndugu zao waliokwisha kuhamia Dar es Salaam, wanataka kuingia katika kazi hii. Wanaiona ni nyepesi: simu moja, daftari moja, na mdomo mtamu.

Siku hizi jina la Namungo linajulikana nchi nzima kwa sababu ya mpira, tangu timu yao ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019. Mimi nazungumzia Namungo ile ya jembe na gunia, nchi ya korosho, ufuta na mbaazi, na machimbo ya dhahabu. Nchi ile imehangaika na jambo la usafirishaji kwa zaidi ya miaka 150, na mafunzo iliyoyapata yalilipiwa kwa fedha nyingi, na mengine kwa damu. Anayeingia katika kazi hii bila kuyajua atayalipia mara ya pili.

Tuanze na zama za misafara. Kabla ya gari na kabla ya reli, mzigo wa Kusini ulikaa kichwani au begani mwa mtu. Mbung'o waliwaua punda na ng'ombe, kwa hiyo hakukuwa na mnyama wa kubebea. Mzigo ulipimwa kwa frasila, ambayo ni kiasi cha kilo 16, na mpagazi mzima alibeba karibu frasila mbili. Misafara ilitoka Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani, ikakata nchi za Wamwera, Wayao na Wamakua mpaka Ziwa Nyasa. Kutoka bara ziliteremka pembe za ndovu, nta, na baadaye mpira wa porini. Kutoka pwani zilipanda nguo za merikani, shanga, chumvi, bunduki na baruti.

Sasa tujiulize: nani aliyeifanya biashara hiyo iende? Tajiri wa Kihindi wa pwani alikuwa na nguo, lakini hakuijua njia. Mtemi wa bara alikuwa na pembe, lakini hakujua bei ya Unguja. Kati yao walisimama watu wa kati: viongozi wa misafara na mawakala waliojua msafara gani unakaribia, wapagazi wanapatikana wapi, kisima gani kimekauka, na mkubwa gani wa njiani anataka nini ili mizigo ipite. Malipo hayo ya kupita njia yaliitwa hongo. Ndiyo, wasikilizaji wangu, neno hili tunalolitumia leo kwa aibu lilikuwa ushuru wa wazi wa misafara, uliotajwa na kuhesabiwa katika gharama za safari. Mtu kama Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekataa kuwatii Wajerumani mwaka 1890, alikuwa na nguvu zake katika njia hizo za Lindi. Wajerumani walipoitaka nchi, waliutaka pia ushuru wake.

Tusiifanye historia hiyo kuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Mtu wa kati wa zama zile hakuuliza mara zote mzigo ni nini. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa, na wengi waliobeba pembe kuteremka pwani waliuzwa pamoja na pembe zao. Mwaka 1873 Sultani wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari, lakini katika njia za nchi kavu biashara hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa. Hili ni funzo la kwanza, nalo ni zito: anayepata ujira kwa kila kinachopita bila kujali ni kitu gani na ni cha nani, siku moja atajikuta anapata ujira kwa damu ya jirani yake.

Ikaja vita ya kwanza ya dunia. Mwaka 1917 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipambana kusini mwa nchi yetu, na mwezi Oktoba mwaka huo Mahiwa, katika bonde la Lukuledi, palimwagika damu nyingi kuliko karibu kila mahali pengine katika vita hiyo ya Afrika Mashariki. Pande zote mbili zilitegemea wapagazi. Safari hii hapakuwa na dalali, hapakuwa na mapatano wala bei. Mtu alikamatwa kijijini, akatwikwa mzigo, akaenda. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi, na majina yao hayakuandikwa popote. Wale wanaosema kwamba biashara ingekuwa safi kama kusingekuwa na mtu wa kati, na wawakumbuke hao. Kuondoa mapatano si lazima kuleta haki. Mara nyingine kunabaki amri peke yake.

Sasa nifike pale ambapo napenda tukae kwa muda, yaani reli ya Nachingwea.

Baada ya vita ya pili ya dunia Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ukatengenezwa mpango wa kulima karanga katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, jumla ya ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa katika Tanganyika. Sehemu tatu zilichaguliwa hapa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa hesabu za awali, kadiri ya nusu ya mashamba yote yalikuwa yawe katika Jimbo la Kusini. Vichaka vya Nachingwea vikaanza kung'olewa kwa matingatinga, na mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mji wenyewe wa Nachingwea, na mitaa yake iliyopangwa, ni mtoto wa mpango huo.

Wakubwa waliopanga walifikiri vizuri katika jambo moja: mazao mengi hivyo yatahitaji njia ya kutokea. Ikajengwa reli. Kwanza ilianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, na mwaka 1949 ikafika Nachingwea. Lindi ilikuwa na maji machache kwa meli kubwa, kwa hiyo ikachaguliwa ghuba ya Mtwara yenye kina kirefu. Gati la Mtwara likakamilika mwaka 1954 na reli ikaunganishwa nalo. Mwaka 1958 likaongezwa tawi la kwenda Masasi.

Lakini karanga hazikuja. Ardhi ilikuwa ngumu kuliko ilivyodhaniwa, mvua haikufuata kalenda ya London, mitambo iliharibika, na vipuri vilichelewa. Mwezi Januari mwaka 1951, miaka mitatu kabla gati la Mtwara halijakamilika, serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na kiasi cha pauni milioni 36 kikafutwa katika vitabu. Yaani bandari na reli vilimalizika wakati mzigo vilivyojengewa ulikwisha kufa.

Gari moshi likawa linapanda na kushuka likitafuta cha kubeba. Mwaka 1962, mara baada ya Uhuru, reli ile ikafungwa kwa sababu haikuwa na mizigo ya kutosha kuilipa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Sasa sikilizeni kichekesho chenyewe, kama ni cha kuchekesha. Wakati wakubwa wakihangaika na karanga, mkulima mdogo wa Kusini alikuwa anapanda mikorosho yake kimya kimya, bila tingatinga. Mikorosho huchukua miaka kabla ya kuzaa sawasawa. Ilipozaa, Tanzania ilifikia tani 145,000 za korosho katika msimu wa 1973/74, na sehemu kubwa ilitoka Mtwara na Lindi. Reli ilikuja kabla ya mzigo. Mzigo ulipokuja, reli imekwisha kung'olewa.

Ni nani aliyekosekana pale? Wahandisi walikuwapo, fedha zilikuwapo, na meli zilikuwapo. Alikosekana mtu wa kuuliza maswali mawili ya kidalali: kwanza, mzigo huu una hakika gani ya kuwapo? Pili, gari likishausha, litarudi na nini? Gari moshi lililopanda na mitambo halikuwa na cha kuteremka nacho. Hakuna chombo cha usafiri duniani kinachoweza kuishi kwa safari ya upande mmoja.

Baada ya hapo tulijaribu njia nyingine. Vyama vya ushirika vilichukua kazi ya kukusanya mazao na kutafuta magari. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na kazi ya kununua mazao ikabaki kwa mamlaka za mazao za serikali. Wakati huo huo watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vipya, wengine mbali na mikorosho yao. Bei ilikuwa ndogo, malipo yalichelewa, na magari yalikosa matairi na vipuri. Gunia lilikaa kijijini likingoja lori, na mkulima akaona hakuna maana ya kupalilia. Kufikia msimu wa 1986/87 korosho za nchi nzima zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Ubovu wa usafiri haukuwa sababu pekee ya anguko hilo, lakini ulikuwa mmojawapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Malori yakaja, na pamoja nayo akazaliwa upya dalali wa mizigo. Kazi yake ilikuwa ngumu. Barabara ya kwenda Kusini wakati wa masika ilikuwa tope tupu, na pale Rufiji magari yalipanga foleni kungoja kivuko. Dalali aliyeweza kukuambia kwa hakika kama kivuko cha Ndundu kinafanya kazi leo alikuwa na thamani kuliko mwenye lori. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ikafuata kipande kwa kipande. Hata hivyo, njia hiyo haijaacha kutukumbusha kiburi chetu. Mwezi Mei mwaka 2024, wakati wa mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara ilikatika upande wa Kilwa, na Kusini yote ikashikwa na kigugumizi.

Tangu msimu wa 2007/08 korosho zimeuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mazao kwenye chama chake cha msingi, yanapelekwa ghala kuu, kisha yanauzwa kwa mnada. Kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale chama kikuu ni RUNALI. Utaratibu huo una lawama zake, hasa makato na kuchelewa kwa malipo, lakini umefanya jambo moja kubwa: umeuweka mzigo hadharani. Kila mtu anaweza kujua kuna tani ngapi katika ghala lipi. Ile siri aliyokuwa akiiuza mtu wa kati wa kale haipo tena.

Vijana wengine wakisikia hivyo wanakata tamaa. Mimi nasema hapo ndipo kazi ya kweli inapoanza. Siri ikiisha, kinachobaki kuuzwa ni uaminifu.

Sasa, kijana aanzeje? Nitasema machache ambayo historia hiyo imeyafundisha.

La kwanza, ajue mwaka wa mizigo kama mkulima anavyojua mwaka wa mvua. Ufuta huingia sokoni kuanzia Juni, kisha mbaazi, na korosho kuanzia Oktoba. Kabla ya hapo salfa na dawa za mikorosho hupanda kutoka pwani. Saruji, mabati, soda na bidhaa za dukani hupanda mwaka mzima. Anayejua korosho peke yake ataishi kama reli ya karanga. Mwezi Novemba mwaka 2018 wanunuzi walipogoma kutoa bei nzuri, serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia kazini kuzisomba. Aliyekuwa ametegemea mzigo huo mmoja msimu ule alikaa kijiweni.

La pili, atafute mzigo wa kurudi. Tuseme safari ya lori kutoka Dar es Salaam mpaka Nachingwea na kurudi inagharimu shilingi milioni tatu. Likipanda na saruji na kurudi tupu, mwenye saruji anabeba milioni zote tatu, na mwishowe anayezilipa ni mwananchi wa Nachingwea anayejenga kibanda chake. Dalali akipata ufuta wa kurudi, mzigo huo unagawanyika kwa wawili. Hapo dalali amevuna pale alipopanda. Amepunguza gharama ambayo isingepungua bila yeye, na ujira wake ni halali kama wa fundi seremala.

La tatu, aandike. Namba ya gari, jina la dereva na leseni yake, idadi ya magunia, uzito, saa ya kuondoka, fedha ya mafuta iliyotangulizwa na iliyobaki kulipwa mzigo ukifika. Gunia la korosho ni kilo 80. Yakipungua kumi njiani, swali la kwanza ni nani aliyehesabu wakati wa kupakia, na la pili ni sahihi yake iko wapi. Sheria ya Mikataba inautambua uwakala na wajibu wa wakala kwa aliyemtuma, lakini sheria haiwezi kumsaidia mtu ambaye mapatano yake yote yamo katika simu iliyoibiwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

La nne, afuate taratibu. Awe na namba ya mlipa kodi na leseni ya biashara. Ahakikishe gari analolitafuta lina leseni ya LATRA ya kubeba mizigo, na lina bima. Asimshawishi dereva kupakia kupita kiasi. Kwa sheria ya Afrika Mashariki gari zima na mzigo wake halipaswi kuzidi tani 56, na magari madogo yana viwango vyake vya chini zaidi. Tani mbili za ujanja zinazokamatwa kwenye mizani zinakula faida ya safari nzima. Au zinazaa hongo, na hongo ya leo, tofauti na ile ya Machemba, haina stakabadhi wala haimlindi mtu.

La tano, na kwangu hili ndilo kubwa: asichanganye udalali wa gari na ununuzi wa mazao. Kule Kusini kila mtu anaijua kangomba, yaani kumnunulia mkulima korosho kwa kipimo cha ujanja na bei ya kutupa, mara nyingi wakati ana njaa, ana mgonjwa, au ada ya shule inadaiwa. Anayeingia kijijini akisema anatafuta mzigo wa lori, kisha anatoka na magunia aliyoyapata kwa kangomba, huyo amerudi Kilwa ya kale. Tofauti ni kwamba badala ya kumchukua mtu, amechukua mwaka mzima wa jasho lake.

Najua wapo watakaosema kwamba simu na programu mpya za mtandao zitamwondoa dalali kabisa. Huenda zikamwondoa yule aliyekuwa anaficha bei. Lakini simu haiwezi kusimama kwenye ghala saa kumi alfajiri kuhesabu magunia, wala kujua kwamba turubai la lori lile lina tundu na mawingu yametanda upande wa Nanganga.

Kusini haikuwahi kukosa mazao kwa muda mrefu. Mara nyingi imekosa mtu wa kuaminika kati ya shamba na bandari. Wakati wa misafara mtu huyo alijua mengi na kuhurumia machache. Wakati wa karanga hakuwapo. Wakati wa mamlaka za mazao alikuwa ni ofisi isiyo na tairi la akiba. Vijana wa leo wana nafasi ambayo babu zao hawakuipata, ya kuwa watu wa kati kwa hiari, kwa maandishi, na kwa bei inayojulikana na pande zote.

Wakiifanya kazi hiyo vizuri, wataturudishia pia neno letu. Dalali ataitwa tena yule anayeonyesha njia, na hata mbele ya wakwe zake hataona haya. Nawatakia juma jema.